MiG-21 inakugomea kwenye simuleta: dalili, chanzo na dawa yake

Wanaoanza kujifunza MiG-21bis ndani ya DCS World, programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, huja na malalamiko yaleyale, na karibu kila mmoja anaamini programu imeharibika. Mara nyingi programu ni nzima. Ndege hii ya kivita ya Kisovieti iliingia kazini mwaka 1972, na inafanya vilevile ilivyokuwa ikifanya wakati ule: haina skrini zaidi ya ile ya rada, haina kompyuta ya kusahihisha mkono wako, na swichi zimejaa mpaka nyuma ya kiwiko. Ukisahau moja, hakuna sauti ya kukukumbusha.

Hapa nimepanga dalili zinazoulizwa zaidi. Chini ya kila dalili nimeanza na chanzo kinachowapata wengi, kisha vile vya nadra. Usianze na kufuta programu na kuiweka upya. Hilo ni la mwisho kabisa, na kwa intaneti yetu hii litakula bando la mwezi mzima.

Ndege inalala upande yenyewe, pua inatikisika, au mkono wa mafuta unaruka ovyo

Nianze na hili kwa sababu linaharibu mengine yote. Kabla hujalaumu ndege, bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter. Kitatokea kidirisha kidogo kinachoonyesha fimbo, pedeli na mkono wa mafuta vilipo kweli. Achia kila kitu mezani. Kama alama bado inasogea, tatizo ni la vifaa vyako.

Chanzo cha kwanza, na ndicho kinachowapata wengi: kazi moja imepewa vifaa viwili. Ukichomeka joistiki, pedeli na rimoti ya gemu kwa pamoja, DCS hujigawia yenyewe, na kila kifaa kinajikuta kimepewa kazi ya kuinua pua. Fungua ukurasa wa vidhibiti, chagua MiG-21bis, chuja uone mihimili peke yake (yaani mienendo ya fimbo, pedeli na mkono wa mafuta, si vitufe), kisha pita safu moja baada ya nyingine ukifuta kila kisichohitajika. Kumbuka kwamba kila ndege ina mipangilio yake. Uliyosafisha kwenye ndege nyingine, kama Su-25T, haihusiani na hii.

Chanzo cha pili ni mhimili uliogeuzwa: ukisukuma mkono wa mafuta mbele, injini inapungua. Tiki moja ya kugeuza inamaliza kazi.

Cha tatu ni joistiki iliyochoka. Zile za bei ndogo zina vipimo vya kusuguana ndani, na vumbi likiingia alama inaruka hata usipoigusa. Ongeza kidogo eneo la katikati lisilosikia. Asilimia mbili tatu zinatosha. Ukizidisha utakuwa unaendesha basi. Kama bado inaruka, puliza dawa ya kusafishia mikondo ya umeme, kifaa kikiwa kimechomolewa. Ikifika hatua ya kutaka kuchomelea waya ndani, na hujawahi kushika chuma cha kuchomelea, mpelekee fundi wa elektroniki. Kipimo kimoja ni bei ya soda chache. Bodi iliyoungua ni joistiki nzima.

Injini haiwaki

Kwanza, mkono wa mafuta. Ndege hii ina kizuizi kati ya hali ya kuzima na mzunguko wa chini, na mhimili wa joistiki yako hauvuki kizuizi hicho peke yake. Kuna kitufe cha pekee cha kukifungua. Kipe nafasi kwenye kibodi au kwenye joistiki. Wengi wanabonyeza kitufe cha kuwashia, wanasikia mlio wa kianzishi, mshale unapanda kidogo halafu unarudi. Hakuna mafuta yanayoingia, utamlaumu nani?

Pili, pampu za mafuta. Ziko kadhaa upande wa kulia na zote zinatakiwa kuwa juu. Pamoja nazo kuna swichi ya kianzishi na ile ya kuchagua uwashaji wa kawaida badala ya kuzungusha injini bila moto. Hii ya mwisho iko mahali ambapo panya huigusa kwa bahati mbaya.

Tatu, betri imekwisha. Umekaa dakika ishirini chumba cha rubani ukisoma vibao, betri imewashwa, taa zinawaka, nayo inashuka taratibu mbele ya macho yako kwenye kipimo cha volti. Waite watu wa chini kwa redio wakupe umeme wa nje, kisha anza upya.

Ukiwa na haraka ipo njia ya mkato ya kuwasha kila kitu, kitufe cha Windows na Home. Itumie kama jaribio: ikiwasha yenyewe vizuri, kosa liko kwenye hatua zako. Ila usiizoee. Nawajua watu wenye miezi sita kwenye ndege hii ambao jenereta ikizimika angani hawajui hata iko upande gani.

Imewaka, lakini upeo wa bandia umelala na dira inadanganya

Jairo, vile vifaa vinavyozunguka ndani na kuvipa vipimo mlingano, bado hazijatulia. Swichi zake ni mbili, ya jairo kuu na ya akiba, na baada ya kuziwasha unashikilia kitufe kilicho kwenye kipimo chenyewe mpaka kitulie. Dira nayo ina kitufe chake cha kuilinganisha, na unabonyeza ndege ikiwa imesimama. Wengi wanafanya haya wakiwa tayari wanatembea; matokeo yake kipimo kinasimama kikiwa kimeinama, na hutagundua mpaka uingie mawinguni.

Kama vipimo vyote viko kimya kabisa, angalia zile inveta mbili zinazobadili umeme wa betri uwe ule unaohitajiwa na vipimo. Na kama vilikuwa vizuri, ukaruka, na dakika chache baadaye rada ikafa, kisha redio, kisha taa, basi ulisahau jenereta. Umekuwa ukiruka kwa betri. Washa jenereta na urudi nyumbani.

Haikati kona ardhini

Aliyetoka kwenye ndege za Kimarekani atahangaika sana hapa. Gurudumu la mbele la MiG-21 halina usukani. Linazunguka huru kama gurudumu la toroli la dukani. Unageuka kwa breki: unabana mkono wa breki ulio kwenye fimbo, halafu unasukuma pedeli ya upande unaotaka, na upepo wa breki unaenda kwenye gurudumu la upande huo. Pedeli peke yake haifanyi kitu. Mkono wa breki peke yake unasimamisha ndege ikiwa imenyooka.

Nilimkalisha mpwa wangu mbele ya kompyuta siku moja, nikamwambia afike mwanzo wa njia ya kurukia. Alibana breki, akaachia, akabana, akaachia, mkono wa mafuta uko juu wakati wote, kama dereva wa daladala kwenye foleni. Kila alipobana, ndege ilitoa sauti ya "pshh". Mimi nikawa naangalia geji ya upepo, mshale unateremka kila "pshh". Alipofika mwanzo wa njia, breki hazikuwa na kitu. Tulivuka njia, tukaenda majanini.

Hicho ndicho chanzo cha pili cha dalili hii: upepo umeisha. Breki zinatumia hewa iliyoshindiliwa kwenye mitungi, nayo inajazwa ardhini. Ukiimaliza umeimaliza. Sukuma mafuta kidogo ndege ianze kutembea, rudisha chini, iache iende yenyewe, geuka kwa breki fupi moja au mbili. Geji ikiwa imeshuka kabla hujaruka, omba wakujazie. Kuruka bila upepo ni rahisi, kutua nao umeisha ndiyo kazi.

Chanzo cha tatu: hujapanga kabisa mhimili au kitufe cha breki. Kiangalie kwa kile kidirisha cha mwanzo.

Haitaki kuruka, au inaruka kivivu

Angalia flapu ziko hatua ya kwanza, nyuzi 25, na moto wa nyuma umewaka, ule marubani wanaouita afutabana. Usipowaka, kuna mawili. Ama swichi yake ya kuuruhusu iko chini, ama joistiki yako haifiki mwisho: umesukuma mpaka kikomo lakini programu inaona asilimia 96. Rekebisha mkunjo wa mhimili mpaka kidirisha kionyeshe umejaa.

Ndege ya uzito wa kawaida inaachana na ardhi karibu na kilomita 340 kwa saa. Anayeivuta mapema kwa nguvu anainua pua tu, mbawa zinageuka kuwa breki, na njia inaisha.

Kuhusu ule moto wa pili wa dharura: injini ya R-25-300 inapata msukumo wa kilo 7,100 kwa moto wa kawaida wa nyuma, na huu wa dharura unaipandisha hadi kama 9,900 ukiwa chini ya mita 4,000. Una swichi yake. Una pia dakika tatu, si zaidi. Mtu akilalamika injini yake "inakufa kila nikikimbizwa", muulize alikaa humo muda gani.

Mafuta yanaisha wakati geji inasema yapo

Geji hiyo haijui kuna nini kwenye tangi. Inahesabu mafuta yanayopita kwenda kwenye injini na kuyatoa kwenye namba uliyoanza nayo, na namba hiyo unaiweka wewe kwa kuzungusha kitasa kabla ya kuruka. Umebeba tangi la nje la lita 490 au 800? Liongeze kwenye hesabu. Umeanza na tangi nusu ili uwe mwepesi? Irudishe chini. Ni kama geji ya pikipiki iliyokatika waya, mwenye nayo anakumbuka kichwani aliweka lita ngapi.

Zitegemee zaidi taa za kuonya kwamba tangi fulani limekauka. Taa haidanganyiki.

Inageuka vizuri, ghafla inatikisika, inapinduka na kuanza kuzunguka

Mbawa za MiG-21 ni pembetatu fupi, upana wake wote mita 7.15. Zinakubali kuvutwa sana, lakini zinalipisha. Kila ukivuta fimbo, mbawa zinaukabili upepo kwa pembe kubwa zaidi, na ndege inazidi kuwa breki. Unajiona unageuka kwa ukali wa ajabu, huku kasi imetoka 800 mpaka 350 kwa mzunguko mmoja. Halafu ncha ya bawa moja inachoka kabla ya mwenzake.

Kushoto mbele yako kuna kipimo cha pembe hiyo. Mshale usivuke 28. Ukifika 33 umeshaanguka, bado tu hujajua. Mwanafunzi asiangalie adui mpaka aweze kugeuka duara zima akiwa ameshikilia mshale huo chini ya 25 bila kupoteza mita 200. Ni zoezi la kuchosha, na ndilo linalotenganisha anayeendesha na anayeendeshwa.

Ikishaanza kuzunguka, fanya mambo ambayo mikono yako haitaki: fimbo katikati, pedeli katikati, mafuta chini. Subiri. Ndege hii hutoka yenyewe mara nyingi ukiacha kuisumbua. Wanaokufa ni wanaovuta fimbo tumboni kwa hofu. Mzunguko ukikoma pua itakuwa inatazama chini. Ngoja kasi ifike 500 hivi ndipo uvute taratibu. Mimi nina sheria yangu: chini ya mita 2,000 bado inazunguka, navuta mpini wa kiti kinirushe nje.

Vyanzo vya nadra ni viwili. Kimoja ni kile kifaa kinachobadilisha uwiano wa fimbo na mkia kulingana na kasi, ARU, kimeachwa kwenye hali ya kurekebishwa kwa mkono badala ya otomatiki. Fimbo inakuwa nyepesi mno kwenye kasi kubwa, au nzito kama imekwama kwenye kasi ndogo. Cha pili ni mzigo: bomu limeangushwa bawa moja tu na hukukumbuka.

Inaporomoka kama jiwe ikikaribia kutua

Chanzo cha kwanza ni wewe kurudisha mafuta chini kabisa juu ya kizingiti cha njia, kama ulivyozoea kwenye ndege nyingine. MiG-21bis ina mfumo wa SPS: hewa kutoka kwenye injini inapulizwa juu ya flapu zikiwa zimeshushwa nyuzi 45, ili mbawa zibebe kwa kasi ndogo. Injini ikipungua, mpulizo unapungua. Mpulizo ukipungua, mbawa zinaacha kukubeba. Yote kwa sekunde moja.

Kwa hiyo shuka ukiwa na mafuta. Mfuatano ninaoufundisha: magurudumu chini ya kilomita 600 kwa saa, mstari wa mwisho kati ya 360 na 340 flapu zikiwa zimeshuka zote, kizingiti karibu na 300, na magurudumu yaguse kati ya 260 na 280. Urefu unaurekebisha kwa mafuta, kasi kwa pua. Mafuta yarudi chini pale tu magurudumu yanapogusa. Pua utaiona imesimama na njia hutaiona vizuri. Ni kawaida, inua kiti kidogo.

Chanzo cha pili, SPS haikuwashwa wakati flapu zote ziko chini. Kama hutaki kuitumia siku za mwanzo, izime, tua na flapu za nyuzi 25 na ongeza kilomita 20 kila hatua. Hakuna aibu.

Baada ya kugusa, parachuti, lakini ukiwa chini ya 320. Juu ya hapo utaiona ikibaki nyuma yako barabarani kama kanga iliyodondoka kwenye bodaboda. Breki zifuate baadaye, kwa upepo ule uliokuwa ukiutunza.

Silaha hazitoki

Mzinga haupigi: karibu kila mara haujakokiwa. GSh-23L yenye risasi 200 inakokiwa kwa baruti, na kuna vitufe vitatu, kila kimoja mara moja. Bonyeza kimoja kabla ya kwenda vitani. Viwili ni akiba ukikwama.

Kombora halitoki: fuata mnyororo kuanzia mwanzo. Umeme wa silaha, umeme wa nguzo za chini ya mbawa zinazobeba silaha, kile kitasa cha kuchagua nguzo, swichi ya joto au rada, kifuniko cha kitufe. Kimoja kikiwa chini, vingine vyote ni mapambo. Halafu sababu ambazo si swichi: R-3S, kombora linalofuata joto, inataka uwe nyuma ya adui, zaidi ya kilomita moja, na usiwe umevuta zaidi ya G 2, yaani mara mbili ya uzito wako, unapoiachia. R-60, nayo ya joto, inavumilia zaidi. Anayefyatua R-3S katikati ya kona kali anaitupa baharini.

Rada haioni kitu: imechukua dakika kadhaa kupata moto? Iache kwenye hali ya kusubiri tangu ukiwa ardhini. Kama imeshapata moto na skrini imejaa chenga, unaangalia chini. RP-22, rada ya ndege hii, haitofautishi ndege na mlima. Shuka wewe chini ya adui, umtazame akiwa juu, na tumia ile swichi ya kuinua mwale ukiwa karibu na ardhi. Tena ufahamu macho yako ndiyo rada kuu hapa. Tanzania na Uganda zote ziliwahi kuwa na MiG-21, na baadhi ya zile za Amin ziliteketezwa na makomando wa Israeli zikiwa zimeegeshwa pale Entebbe, usiku wa kuamkia Julai 4, 1976. Rada haina la kusema kwa adui aliye ardhini.

Picha inakwamakwama, au programu inajifunga

Punguza kwanza vivuli, mawingu na umbali wa kuona, kwa mpangilio huo. Zima programu nyingine. Ramu ya GB 16 inasukuma, 32 inapumua. DCS ikiwa kwenye diski ya zamani inayozunguka, hamishia SSD kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Ikiwa imeanza baada ya apdeti, ingia kwenye folda yako ya Saved Games na ufute yaliyomo kwenye fxo na metashaders2. Zitajiunda upya, na mara ya kwanza kupakia kutachelewa. Ikishindikana, endesha ukarabati wa faili wa DCS wenyewe. Toa nyongeza zote ulizopachika kwanza. Nusu ya "hitilafu" ni nyongeza ya mwaka juzi.

Sasa mahali pa kusimama. Kompyuta ikizimika ghafla yote, bila ujumbe, kila picha inapokuwa nzito, usiendelee kujaribu "mara moja tena". Huenda ni joto au pawa saplai. Toa vumbi kwenye feni, uone kama inabadilika. Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, au sauti ya kupasuka ndani, chomoa ukutani na mwite fundi wa kompyuta. Pawa saplai usiifungue mwenyewe hata kama imechomolewa, inahifadhi umeme ndani. Na kama taa za nyumba zinafifia kila ukiwasha mashine, wa kuitwa ni fundi umeme.

Kwa wanaovaa miwani ya uhalisia pepe: kichefuchefu kikianza, vua papo hapo. Hakizoeleki kwa kulazimisha, kinazidi. Dakika kumi leo, kumi na tano kesho. Kizunguzungu kisichoondoka ukishalala, au ganzi ya vidole na kifundo cha mkono inayorudi kila siku, vinahitaji daktari.